Besi ya benga isikike, isivume tu

Vijana wa huku Nyanza hawangoji tena studio za Nairobi. Kuanzia Kisian, pale barabara ya Bondo inapoachana na ile ya Busia, hadi Kondele na Dunga, bendi zinarekodi vyumbani: kompyuta moja, kadi ya sauti ya bei nafuu, maikrofoni mbili na programu ya bure kama Audacity. Hongera kwao. Lakini kuna ugonjwa mmoja unaojirudia katika nyimbo nyingi zinazotoka kwenye vyumba hivyo. Besi haieleweki. Inanguruma, inatikisa vioo vya matatu, lakini ukiulizwa jamaa alipiga noti gani, huna jibu.

Kwa aina nyingine za muziki tungevumilia. Kwa benga, hiyo ni hasara. Besi ya benga haijawahi kuwa mto wa kulalia magitaa mengine. Inakimbia, inadakia maneno ya solo, inajibu, inachokoza. Wengi huona chimbuko lake katika nyatiti, ala ya nyuzi 8 ambayo mpigaji wake huketi kwenye kigoda, akachezesha nyuzi za juu na za chini, huku pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mti wa ala yenyewe. Sauti ya chini na mdundo vilikaa kwa mtu mmoja, na kila kimoja kilisikika. Tafuta nyimbo za D.O. Misiani na Shirati Jazz, au za Victoria Jazz, zilizotoka kwenye santuri katika miaka ya 1970. Vifaa vyao vilikuwa vichache kuliko vilivyo kwenye kompyuta yako, lakini besi unaweza kuifuata kwa mdomo kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kuna pia suala la pesa. Bendi ikibanwa na gharama, wa kwanza kuachwa nyumbani ni yule ambaye hakuna anayemsikia. Mpiga kinanda anaambiwa ashike besi kwa mkono wa kushoto, malipo ya mtu mmoja yanaokolewa, na hakuna shabiki anayelalamika kwa sababu hata kwenye rekodi hakujua kama kulikuwa na mtu pale. Produsa anayeifukia besi, bila kukusudia, anamfuta mwenzake kazi.

Basi kosa linaanzia wapi? Mara nyingi si kwenye programu. Linaanzia kwenye chumba.

Waya mnene wa gitaa la besi, ukiachwa wazi, hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41. Wimbi la sauti hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 8. Sasa chukua chumba cha mita 3 kwa 3, kuta za simiti, mabati juu. Wimbi linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lenzake. Katika chumba cha ukubwa huo, sauti za karibu hezi 57 hukwama: kandokando ya kuta zinajaa, katikati ya chumba zinapotea. Na waya wa A ukiachwa wazi uko kwenye hezi 55, hapo hapo jirani. Produsa aliyeweka kiti chake katikati ya chumba anasikia besi imekonda, anaiongeza, anaiongeza tena. Wimbo ukifika kwenye spika za matangani, noti hiyo inalipuka na zingine zinafichwa. Halafu lawama zinamwangukia mpigaji.

Trei za mayai kwenye ukuta hazitasaidia. Zinapunguza kidogo mwangwi wa sauti kali za juu, lakini besi inazipita kana kwamba hazipo. Afadhali usogeze kiti mpaka karibu theluthi moja ya urefu wa chumba kutoka ukutani, upunguze sauti ya spika, kisha uhakikishe kazi yako kwa hedifoni. Hayo hayagharimu hata shilingi.

Wakati wa kurekodi, chomeka gitaa la besi moja kwa moja kwenye kadi ya sauti, kwenye tundu la gitaa. Hapo chumba hakina neno, na mvua ikinyesha juu ya mabati haiingii kwenye rekodi. Ukitaka pia sauti ya spika ya besi kupitia maikrofoni, sawa, lakini zipange njia hizo mbili zianze kwa pamoja. Zikipishana hata kidogo, moja inaweza kuila nyingine na besi ikabaki nyembamba. Na kabla ya yote, angalia nyaya. Nyaya zilizojaa jasho na uchafu zimekufa sauti. Kama hela ya seti mpya haipo, wapigaji wengi huzitoa, wakazichemsha kwenye maji, wakazikausha vizuri na kuzirudisha. Hazitakaa muda mrefu, lakini kwa siku ya kurekodi zinatosha.

Tukija kwenye kuchanganya sauti, ushauri wetu ni mmoja: punguza kabla ya kuongeza. Wazee walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Gitaa la solo, ridhimu na waimbaji hawana kazi ya maana chini ya hezi 80 au 100, kwa hiyo wakate huko kwa ikwalaiza. Utashangaa jinsi besi inavyopumua bila wewe kuigusa. Kisha sikiliza kati ya hezi 200 na 300. Hapo ndipo tope linapokusanyika, kwa kuwa kila ala ina kitu pale. Punguza kidogo kwenye besi, kidogo kwenye ridhimu.

Kiki na besi nazo zigawane shamba. Katika benga kiki mara nyingi hugonga mfululizo, na besi haikai kimya. Zikipewa nguvu mahali pamoja, zinapigana na msikilizaji ndiye anayeumia. Ipe kiki hezi 60 hivi, besi uipe 90 au 100. Au geuza, ukiona wimbo unataka hivyo. Kompresa nayo itumie kwa kiasi, noti kubwa zishuke na ndogo zisipotee. Ukiibana mno, unaua mkono wa mpigaji, na katika benga mkono ndio kila kitu.

Tunajua jibu la baadhi ya maprodusa: watu wanataka besi nzito, nendeni mkaulize makanga. Ni kweli, matatu ina spika kubwa chini ya viti na abiria wanapenda kutikiswa. Lakini wasikilizaji wengi wa kizazi chetu hukutana na wimbo kwanza kwenye simu, na spika ya simu haiwezi kabisa kutoa hezi 41. Hata ukiongeza mara kumi, haitatoka. Utakuwa umejaza nafasi tu, na wimbo mzima utashuka sauti ukiwekwa kando ya nyimbo zingine. Kinachosikika kwenye simu ni sauti ndogo zinazopanda juu ya ile ya msingi, mpaka mlio wa kidole kwenye waya. Masikio yakizipata hizo, ubongo wenyewe unajaza ile ya chini iliyokosekana. Ndiyo maana kuikwaruza besi kidogo, yaani kuitia ukali wa mbali, huifanya isikike kwenye simu na bado ibaki nzito kwenye matatu. Anayefanya hivyo hapotezi shabiki yeyote.

Kwa hivyo, bendi ya nyumbani ijiwekee sheria moja kabla ya kuachilia wimbo. Weka wimbo kwenye simu ya bei ya chini kabisa mliyo nayo. Mpe mtu ambaye hakuwepo mkirekodi. Mwombe aimbe kwa mdomo kile besi inachocheza kwenye kiitikio. Akiweza, utoeni. Asipoweza, rudini kwenye kompyuta, hata kama tarehe imeshatangazwa na picha ya jalada iko tayari. Mashabiki wanaweza kungoja wiki moja zaidi, lakini wimbo ukishasambaa kwenye simu za watu hauna tena mtu wa kuuita urudi.