Je, Mkristo Abebe Bastola Garini?



Wapendwa wanaparokia, juma hili tutafakari swali ambalo baadhi yenu mmekuwa mkiniuliza, hasa wafanyabiashara wa mpunga na kakao, pamoja na wenye magari yanayopanda na kushuka kati ya Kasumulu, Tukuyu na Uyole. Je, ni halali mbele ya Mungu Mkristo kubeba bastola garini ili ajilinde dhidi ya wezi wa magari na watekaji wa barabarani?

Swali hili si la mzaha. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku baada ya marufuku ya miaka mingi, na malori ya Malawi hupita kwetu kila siku. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, na penye fedha hapakosi wenye kuzivizia. Aliyewahi kuendesha usiku wa mvua katika kona za Rungwe, akaona gogo limelazwa barabarani, hahitaji kufundishwa maana ya hofu. Hofu yake si dhambi, wala hatustahili kuidharau.

Mafundisho ya Kanisa yako wazi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2263 hadi 2265, ikimfuata Mtakatifu Thomas wa Akwino, inatufundisha kwamba mtu ana haki ya kulinda uhai wake, na kwamba mwenye dhamana ya uhai wa wengine ana hata wajibu wa kuwalinda. Lakini nguvu inayotumika isizidi ile inayohitajika. Sheria ya nchi nayo hufuata njia hiyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaitambua haki ya kujilinda kwa nguvu ya kiasi, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye silaha awe na leseni. Basi mwenye leseni hatendi dhambi kwa kuwa nayo tu.

Hata hivyo, halali na busara si kitu kimoja. Someni mwanzoni mwa sura ya 22 ya Kitabu cha Kutoka. Mwizi akikutwa usiku akivunja nyumba, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Lakini jua likiwa limekwisha kuchomoza, hatia ipo. Kwa nini? Gizani mwenye nyumba hawezi kujua kama aliyeingia anataka mali au roho. Mchana anaona. Akiona kwamba kinachotafutwa ni mali, hana ruhusa ya kuua. Hata damu ya mwizi ni damu mbele za Mungu. Gari ni mali, na dereva ni uhai. Shida ya bastola garini ni kwamba huifuta tofauti hiyo kwa nukta moja tu, kabla jicho halijaona wala akili haijapima.

Tazameni mifano miwili. Mwezi Mei 2004, huko Afrika Kusini, Rudi Visagie, aliyewahi kuichezea raga timu ya taifa ya nchi hiyo, aliona alfajiri gari likiondoka nyumbani kwake. Akadhani ni mwizi, akafyatua risasi. Aliyekuwa kwenye usukani ni binti yake mwenyewe, mwenye umri wa miaka 19, naye akafa. Waendesha mashtaka waliamua kutomshtaki. Baba yule alikuwa amekwisha kuadhibiwa kuliko mahakama yoyote ingeweza kumwadhibu.

Mfano wa pili ni wa hapa nchini. Mwezi Novemba 2006, eneo la Kawe jijini Dar es Salaam, dereva wa daladala alikufa kwa risasi katika mzozo uliotokana na magari kugongana kidogo. Aliyeshtakiwa ni Ditopile Mzuzuri, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Tabora. Shtaka la mauaji lilibadilishwa baadaye kuwa la kuua bila kukusudia, naye alifariki mwaka 2008 kesi ikiwa haijaisha. Si kazi yetu kumhukumu marehemu. Lakini tujiulize: bila silaha ndani ya gari, mzozo ule ungeishia wapi? Huenda ungeishia kwenye matusi, au kituoni kwa trafiki.

Katika mfano wa kwanza hofu ilimtangulia mtu. Katika wa pili, ugomvi wa barabarani ulikuta silaha i karibu. Ninyi mnaosafiri usiku kati ya Ipinda na Matema, akitokea mtu kando ya barabara akipunga mikono, mtajuaje kama ni mnyang'anyi au ni majeruhi aliyeanguka na pikipiki? Mwenye bastola mapajani ameshachagua jibu.

Tena, watekaji ndio wanaochagua saa na mahali. Wewe unashika usukani kwa mikono miwili. Wao wamekwisha kujipanga. Bastola yako ikinyang'anywa, kesho itaelekezwa kwa jirani yako.

Yapo basi ya kufanya. Msibebe fedha taslimu iwapo malipo yanaweza kupita benki au kwenye simu. Safirini kwa misafara, na mjulishane saa ya kuondoka na ya kufika. Wenye uwezo wakate bima kubwa, maana gari lililoibwa hulipwa, lakini hakuna bima inayorudisha roho. Imarisheni ulinzi shirikishi kupitia jumuiya ndogondogo na serikali za vijiji. Mwizi akikamatwa, mpelekeni polisi. Unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30. Hauhitaji tairi wala petroli yetu. Anayemchoma mwizi aliyekwisha kufungwa kamba hajilindi tena, anaua.

Petro alichomoa upanga bustanini kwa nia njema kabisa, kumtetea Bwana wake. Alichopata ni sikio la mtumishi, na Yesu akalazimika kuliponya. Risasi haina nafasi hiyo ya pili. Ukitekwa, toa funguo. Shuka, wahi kwa wanao. Gari hununuliwa tena, hata kama ni kwa miaka kumi ya kuuza mpunga.

Tuwaombee wasafiri wote wa barabara zetu, na tuwaombee pia wanaowavizia, ili waongoke wangali hai.

Mungu awabariki.

Paroko wenu