Mchunga Urudi Kwenye Sahani

Mjadala kuhusu mchunga, ile mboga-mwitu chungu ambayo wataalamu wa mimea huiita Launaea cornuta na ambayo huchipua yenyewe katika viwanja visivyojengwa vya Bunju, Mabwepande, Chamazi na Mbagala, umetekwa na wauzaji wa tiba, kiasi kwamba faida zake za lishe hazitajwi tena bila ahadi ya kushusha sukari. Toleo hili la jarida letu linaupinga mwelekeo huo. Dondoo la majani, yaani viambato vilivyokamuliwa na kukolezwa maabara, linapopewa panya kwa kipimo maalumu, halithibitishi kwamba bilauri ya maji ya mchunga yatosha kumtibu mgonjwa wa kisukari wa Tandika, na anayemshawishi mgonjwa huyo aache vidonge vyake anayaweka hatarini macho, figo na uhai wake.

Uzito wa mchunga uko kwenye mlo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu, na katika hali hiyo mboga ya majani inayochumwa bure haifai kudharauliwa. Tatizo ni kwamba wengi huuchemsha na kumwaga maji ili kuondoa uchungu, wakamwaga pia vitamini C na folati, ambazo huyeyuka majini, ilhali vitamini C ndiyo inayousaidia mwili kufyonza madini ya chuma yatokanayo na mimea. Afadhali uchungu upunguzwe kwa kuuchanganya na mchicha au matembele, kisha uungwe kwa tui la nazi, kwa kuwa karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri penye mafuta. Tui hilo, basi, ni sehemu ya lishe yenyewe.

Kati ya makala za toleo hili, ile ya bonde la Msimbazi inaonya, kwa haki, juu ya madini ya risasi katika mboga za kando ya mto.

Hata hivyo, hakuna mwandishi aliyegusa suala la ardhi, ingawa viwanja ambavyo wapima ardhi huviita vitupu ndivyo vinavyozilisha kaya nyingi za pembezoni. Manispaa za Kinondoni na Temeke, zinapopima makazi mapya, hazina budi kutenga maeneo ya wazi yaliyo mbali na mifereji ya majitaka, ambako wakazi wataruhusiwa kuchuma.