Teremka Mang'ula

NJIA PANDA
Na Zuhura Likongo

Wakala mmoja wa safari, ofisini kwake hapa Dar es Salaam, alinieleza kwa upole kabisa kwamba Udzungwa haifikiki kwa treni. "Dada, kule ni gari tu, tena gari lenye nguvu." Nyuma ya kiti chake palikuwa na ramani kubwa ya Tanzania. Nikainuka, nikaufuata kwa kidole mstari wa Tazara kutoka Dar, ukakata pori, ukavuka Kidatu, kisha ukatambaa chini ya milima hadi kidole changu kikasimama juu ya neno Mang'ula. Makao makuu ya hifadhi yapo hapohapo. Akaitazama ramani yake kama anayemtazama mpangaji ambaye hakujua anaishi naye.

Simlaumu sana. Tumezoeshwa kwamba hifadhi ni mahali pa kuzungushwa ndani ya gari la kufunguka paa, twiga kushoto, simba kulia, chakula cha mchana kwenye boksi. Udzungwa haina mzunguko huo. Ni hifadhi ya kilomita za mraba 1,990, ilianzishwa mwaka 1992, na inatembelewa kwa miguu. Ukishalipa pale Mang'ula unakaza kamba za viatu, unapewa mwongozaji, unapanda. Gari lako, hata lingekuwa la bei gani, linabaki chini ya mti likikusubiri. Sasa kama gari halina kazi ukishafika, kwa nini liwe sharti la kufika?

Historia nayo ipo upande wangu. Reli ya Tazara, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi New Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Haikujengwa kwa ajili ya kima wala maporomoko ya maji. Zambia ilitaka kutoa shaba yake bila kupita mikononi mwa walowezi wa Rhodesia. Lakini wahandisi walipoingia bonde la Kilombero waliiegemeza reli kwenye miguu ya Udzungwa, na Mang'ula ikawa moja ya kambi zao kubwa. Hifadhi ilikuja miaka 16 baada ya reli kuzinduliwa. Pale Mang'ula, stesheni ndiyo mwenyeji na geti la hifadhi ndilo mgeni.

Mimi hupenda treni ya kawaida, ile inayosimama hata mahali ambapo macho ya mjini hayaoni sababu ya kusimama. Sababu huwa ipo, ila iko kichwani mwa mtu: ndoo ya samaki wa kukaanga, sinia la ndizi, mfuko wa mchele. Mwanahistoria Jamie Monson, aliyeandika kitabu kizima kuhusu reli hii, alifuatilia stakabadhi za vifurushi vya watu wa bonde hili na kuonyesha jinsi wakulima na wafanyabiashara wadogo walivyojimilikisha treni iliyojengwa kwa ajili ya shaba. Ukikaa daraja la tatu huhitaji kitabu. Ndizi zenyewe zimekulalia miguuni.

Kabla ya kufika bonde hilo, treni hukatiza upande wa kaskazini wa Hifadhi ya Nyerere, ile tuliyoijua zamani kama Selous. Mwanga ukiwapo, watu husogea madirishani, na mtoto wa kwanza kuona twiga hupiga kelele kwa niaba ya behewa zima. Halafu Kidatu, ambako reli yetu hukutana na tawi la Reli ya Kati. Zinakutana bila kuungana, kwa sababu upana wa njia haulingani. Na baada ya Kidatu, kama ni mchana, hamia upande wa kulia. Kushoto ni miwa, tambarare, kijani cha kiwandani. Kulia ni ukuta. Msitu unaanzia karibu usawa wa reli na kupanda bila kukatika hadi kwenye mawingu, na nyuma huko, usikokuona, kuna kilele cha Luhombero chenye mita 2,576. Misitu inayoshikana hivyo, kutoka joto la bondeni hadi baridi ya kileleni, imebaki michache sana Afrika Mashariki.

Ninasema "kama ni mchana" kwa makusudi. Treni inayoondoka Dar alasiri huingia Mang'ula usiku, na ukuta wote huo unakuwa giza lililo zito kidogo kuliko giza jingine. Nitalirudia hili.

Asubuhi baada ya kufika Mang'ula nilikwenda Sanje. Maporomoko yake hushuka mita 170 kwa ngazi, na njia ya kuyafikia inapanda kwa namna inayokukumbusha kila chapati uliyowahi kula. Nilikuwa nimevaa viatu vya mjini, vya soli laini. Kosa ni langu, na mwongozaji alikuwa na adabu ya kutocheka mpaka nilipocheka mwenyewe. Njiani alisimama, akainua kidole. Mlio mkubwa ukatoka mbele yetu, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto kisha akaanza kugugumia. "Ng'olaga," akasema.

Neno hilo lina kisa chake. Mwaka 1979 watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walikuwa katika msitu huu, wakasikia mlio ambao haukustahili kuwapo. Ulifanana na wa mangabe, aina ya kima, na vitabu havikuwa na mangabe huku. Mtu aliyekuwa akiwaongoza aliwaambia ni ng'olaga, kama anayemtaja jirani. Kumbe mtoto wa mnyama huyo alikuwa akifugwa hapohapo kijijini. Leo dunia inamwita mangabe wa Sanje, na hapatikani popote nje ya milima hii. Kila ninaposoma kwamba mnyama huyu "aligunduliwa" mwaka huo, najiuliza aliyemfuga kijijini alidhani anafuga nini.

Na si yeye peke yake. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark, kambini katika milima hiyohiyo, walichungulia sufuria ya kitoweo wakaona miguu ya ndege wasiyemfahamu. Ndivyo kwale wa Udzungwa alivyoingia kwenye sayansi, akipitia jikoni. Walipomchunguza wakakuta ndugu zake wa karibu wako Asia, si kwa kwale wa Afrika. Mwaka 2008 akatangazwa sengi mkubwa mwenye uso wa kijivu, mnyama wa pua ndefu asiyezidi kilo moja. Mlima ambao bado unatoa wanyama wapya, na mtu wa Dar anakwambia haufikiki.

Juu ya maporomoko, bonde lote linatandazwa mbele yako: miwa, mpunga, mabati ya vijiji, na uzi mwembamba wa reli. Pale juu ndipo nilipoelewa jinsi mlima na watu walivyobanana. Wanawake wa vijiji hivi waliruhusiwa kuingia kuokota kuni kavu kwa siku maalumu hadi ruhusa hiyo ilipokomeshwa mwaka 2011. Tembo nao hushuka usiku kufuata mpunga. Chini ya barabara mpya ya Kidatu hadi Ifakara wamejengewa njia yao ya kupita. Tembo amefikiriwa apite wapi. Nami namwombea abiria wa treni afikiriwe vivyo hivyo.

Barabara hiyo ya lami, nakiri, imelifanya basi liwe la haraka kuliko treni. Mwenye haraka apande basi. Lakini reli nayo inakuja upya. Mwaka 2025 serikali za Tanzania na Zambia zilitia saini na kampuni ya CCECC ya China mkataba wa dola bilioni 1.4 wa kuifufua na kuiendesha Tazara kwa miaka 30. Mazungumzo yote niliyosikia tangu hapo ni tani: tani za shaba, tani za kobalti, tani kwa mwaka. Abiria anatajwa mwishoni, kama mtoto wa kambo kwenye picha ya harusi.

Ombi langu ni dogo. Liwepo behewa moja au mawili yanayoondoka Dar Ijumaa usiku na kufika Mang'ula kunapopambazuka Jumamosi, na yarudi Jumapili jioni. Ujio huo ujulikane ofisi ya hifadhi, mwongozaji awe stesheni, tiketi ya treni na kiingilio vikatwe pamoja. Wasioamini kwamba Mtanzania atapanda wakumbuke treni ya umeme ilipoanza mwaka 2024: watu walikwenda Morogoro na kurudi siku hiyohiyo, hawana shughuli, wanaionja tu. Hamu ya treni ipo. Tunaishusha Morogoro inanunua mboga na kurudi nyumbani, wakati ipo reli nyingine inayopita chini ya mlima.

Nilipokuwa nikingoja treni ya kurudi, mama mmoja aliyekaa juu ya gunia la mchele aliniuliza nilikuja Mang'ula kwa nani. Nikamwonyesha mlima. Akaugeukia, akautazama kwa muda, kisha akatazama mikono yangu mitupu.

"Na umekuacha uondoke hivihivi, mwanangu?" Akafungua kikapu chake, akanichomolea ndizi nne.