Vitambuzi vya Chembe Vijaribiwe Kilwa

Kila dakika, takriban chembe 10,000 ziitwazo muoni hushuka kutoka angani kwenye kila mita ya mraba usawa wa bahari. Mjini Kilwa Masoko, pwani ya Tanzania, chembe hizo hupenya makuti na bati, hupita miilini mwa watu, kisha huzama ardhini. Hazilipiwi, wala haziombewi kibali. Wanaotengeneza vitambuzi vya chembe huzitumia kujaribu vifaa vyao kabla ya kuvifikisha kwenye mitambo mikubwa kama ya maabara ya CERN, Geneva.

Vingi vya vifaa hivyo hufanya kazi kwa kunasa mwanga. Chembe yenye chaji ikipita majini kwa kasi kuliko mwanga unavyosafiri humo, yaani takriban kilomita 225,000 kwa sekunde, huacha nuru ya buluu. Pavel Cherenkov aliichunguza mwaka 1934, na mwaka 1958 akatunukiwa Nobel pamoja na Ilya Frank na Igor Tamm walioieleza. Pembe ya nuru hiyo huonyesha kasi ya chembe. Ikijulikana pia jinsi sumaku ilivyoipinda njia yake, uzito wake hupatikana, na hapo protoni hutofautishwa na chembe nyingine iitwayo pioni.

Kazi hii ya kujaribu vitambuzi haina sababu ya kuachiwa Ulaya peke yake. Chuo cha MIT cha Marekani kimesambaza mchoro wa kitambuzi cha muoni kinachogharimu takriban dola 100: kipande cha plastiki kinachomweka chembe ikipita, kihisi mwanga cha silikoni, na bodi ndogo ya elektroniki. Viwili vikipangwa kimoja juu ya kingine na vyote vikatoa ishara papo hapo, karibu hakika ni muoni.

Joto la pwani, ambalo wengi wangeliona kikwazo, ndilo hasa la kupimwa. Kihisi cha silikoni hutoa ishara za uongo hata gizani, na joto likipanda nyuzi 10 hivi, ishara hizo huongezeka takriban maradufu. Maabara za ng'ambo huwa na makabati ya kupashia vifaa joto. Darasa la bati la Kilwa mwezi Februari halihitaji kabati. Mwanafunzi anayeandika joto na idadi ya ishara tangu alfajiri hadi alasiri anapima jambo linalowashughulisha wahandisi kwelikweli.

Ni kweli shule nyingi za Lindi, mkoa ilipo Kilwa, zina upungufu wa maabara. Lakini gesi ya Songo Songo, kisiwa cha Kilwa, iliyogunduliwa 1974, inasafirishwa Dar es Salaam tangu 2004, na halmashauri ya Kilwa hupata ushuru wa huduma. Sehemu ndogo sana ya fedha hizo ingenunua vifaa vya shule kadhaa. Visima vya gesi navyo hupimwa kwa fuwele zinazomweka zikipigwa na mionzi ya miamba, kwa hiyo ujuzi huo unahusiana na kazi zilizopo mkoani.

Tangu 2014, CERN huendesha shindano la wanafunzi wa sekondari, na washindi hufanya jaribio lao kwenye mwali halisi wa chembe. Timu yenye vipimo vya mwaka mzima vya Kilwa, masika na kiangazi, ingekuwa na hoja ya kupeleka.