Bei ya Tarehe 14: Barua ya Wazi kwa Gavana wa Benki Kuu

Kwa Dkt. Kamau Thugge,
Gavana, Benki Kuu ya Kenya,
Nairobi.

Bwana Gavana,

Oktoba 2022 mfumko wa bei nchini ulikuwa asilimia 9.6. Oktoba 2024 ulikuwa umeteremka hadi 2.7, karibu na ukingo wa chini wa kiwango mlichowekewa na Serikali, yaani asilimia 5 na nafasi ya 2.5 juu au chini. Haikuwa kazi nyepesi. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, na mwezi uliofuata Kamati ya Sera ya Fedha ikapandisha riba ya msingi hadi asilimia 13. Hata hivyo, ukisema hapa Laini Saba, Kibera, kwamba mfumko wa bei umeshuka, utaulizwa umeshukia wapi. Swali hilo ni la haki, na Benki yako ndiyo inayodaiwa jibu.

Katika vibanda vya Laini Saba, kama ilivyo Kawangware, chakula hununuliwa kwa kadogo: mafuta ya kupikia ya kupimiwa, unga wa kupima, sukuma wiki iliyokatwa tayari, mafuta ya taa ya kutosha jiko kwa usiku mmoja. Bei za biashara hii hufuata sarafu, tano, kumi, ishirini. Muuza mafuta ya shilingi 10 hawezi kuyapandisha kwa asilimia 5, maana nusu shilingi haina wa kuipokea. Huanza kwa kupunguza kipimo, na mnunuzi huona chupa yake haijai kama jana. Asipoweza kupunguza tena, huruka hadi 15. Siku hiyo moja mnunuzi amepandishiwa kwa asilimia 50. Mwezi unaofuata takwimu zaweza kusema, na kwa kweli tupu, kwamba bei ya mafuta haikupanda, lakini yeye bado anatoa 15. Mfumko ukishuka, bei zinapanda polepole zaidi; hazijarudi zilikotoka. Kwenu jambo hili ni la darasa la kwanza la uchumi. Kwa anayelipa 15, tangazo lisilolieleza husikika kama uongo.

Kwamba watu huupima mfumko kwa bei wanazokutana nazo, watafiti wamelithibitisha mbali na hapa. Mwaka 2021 Francesco D'Acunto, Ulrike Malmendier na wenzao walionyesha kwamba Wamarekani hukadiria mfumko wa bei ujao kwa kuangalia zaidi vitu wanavyovinunua mara kwa mara, na kwamba bei iliyopanda huwakaa akilini kuliko iliyoshuka. Ikiwa ndivyo ilivyo kwa mtu anayejaza toroli dukani mara moja kwa wiki, itakuwaje kwa anayenunua unga kila jioni? Tena wazee wetu wanaukumbuka mwaka 1993, mfumko ulipofika wastani wa asilimia 46 hivi, na hata vijana wanaukumbuka mwisho wa 2011 ulipokaribia asilimia 20. Kumbukumbu hizo zimo ndani ya kila bei inayotajwa kibandani.

Kuna taasisi moja ambayo Laini Saba inaisikiliza, nayo si yako. Kila tarehe 14 Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei za mafuta. Septemba 2023 ilitangaza mafuta ya taa kwa shilingi 202.61 lita moja hapa Nairobi, na hakuna aliyehitaji mchambuzi wa kumfasiria. Siku inajulikana, kitu kinajulikana, na bei imetajwa kwa shilingi. Kamati yako hukutana kila baada ya miezi miwili, na taarifa yake huandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, imejaa asilimia. Ndiyo maana matarajio ya watu wengi kuhusu uchumi huundwa na EPRA, mamlaka isiyo na wajibu wowote juu ya thamani ya shilingi.

Najua yatakayosemwa. Litasemwa kwanza kwamba matarajio ya mwenye kibanda hayana uzito, kwa kuwa yeye hakopi benki wala hanunui hati za Serikali. Lakini ndiye anayepanga bei. Mama mboga anayeamka alfajiri kwenda soko la Marikiti huuza leo kwa bei itakayomwezesha kununua kesho. Akiamini kesho kutapanda, anapandisha leo. Mwenye nyumba za kupanga hufanya vivyo hivyo, na kibarua wa mjengo naye hudai malipo kwa hesabu hiyo hiyo. Wakijumlishwa, hao ndio mfumko wa bei wenyewe.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: Benki haileti mvua wala haipangi bei ya mafuta ulimwenguni, kwa hiyo ikiongea kuhusu unga italaumiwa kwa yasiyo yake. Ni kweli haileti mvua. Ila lawama inaipata hata ikinyamaza, na ukimya unampa kila mwanasiasa nafasi ya kujitwalia sifa unga ukishuka na kuwatupia wengine mzigo ukipanda. Kusema wazi, "Hili ni la mvua, hili ni la ushuru, hili ni letu," hakupunguzi heshima ya Benki. Na wanaohofia kwamba lugha nyepesi hupotosha waangalie utafiti wa Coibion, Gorodnichenko na Weber, tena wa Marekani: kuwaambia watu takwimu moja tu ya mfumko kulibadilisha matarajio yao karibu sawa na kuwasomesha taarifa nzima ya benki kuu. Athari hiyo ilififia baada ya miezi michache, kwa hiyo tangazo la mara moja halitatosha. Wala lugha nyepesi si aibu: Jamaika ilieleza lengo lake la mfumko kwa nyimbo za rege, na benki kuu yake haikukosa adabu kwa hilo.

Ninachoomba si kikubwa. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kamati ikikutana tena, ukurasa mmoja wa Kiswahili utoke saa ile ile na taarifa ya Kiingereza, usomwe redioni na ubandikwe kwa maajenti wa M-Pesa. Utaje kwa shilingi bei ya unga, mafuta ya kupikia na mafuta ya taa mwaka jana, leo, na mnavyotarajia ziwe, na useme ni ipi iliyo mikononi mwenu. Kisha mtuulize. Tafiti zenu kuhusu matarajio huwafikia wakuu wa kampuni, mabenki, hata wakulima na wafanyabiashara wa sokoni. Benki ya Uingereza huwauliza wananchi wa kawaida kila robo ya mwaka. Watumeni watafiti wenu Laini Saba jioni, saa ya kununua unga, na majibu watakayopewa yawekwe mezani pa Kamati kabla haijapiga kura kuhusu riba.

Wako mwaminifu,
Laini Saba, Kibera.