Dengue: Vinasaba vyaonyesha kirusi huhamia nyumba ya jirani

Mtu akiugua dengue, swali la kwanza mtaani ni moja: kaipata wapi? Kazini, safarini au hapo hapo nyumbani? Siku hizi jibu linaweza kusomwa ndani ya kirusi chenyewe.

Iko hivi. Kirusi kinapozaliana hufanya makosa madogo kwenye vinasaba vyake, na makosa hayo hurithiwa. Wagonjwa wawili wakikutwa na virusi vinavyokaribia kufanana kabisa, mnyororo wao wa maambukizi ni mmoja. Vikitofautiana sana, kila mmoja ana chanzo chake, hata kama nyumba zao zinapakana.

Mita 200 tu

Utafiti wa Bangkok, Thailand, uliochapishwa na jarida la Science mwaka 2017, ulilinganisha wagonjwa wawili wawili. Kati ya waliokuwa wakiishi chini ya mita 200 kutoka mmoja kwa mwingine, asilimia 60 walitoka kwenye mnyororo mmoja. Kwa waliotengana kilomita 1 hadi 5, ni asilimia 3 tu.

Sababu kubwa ni mbu mwenyewe. Aedes haruki mbali. Anauma mchana na anataga kwenye maji ya nyumbani: ndoo, tairi, makopo. Ndiyo maana chandarua cha usiku peke yake hakitoshi.

Safari ndefu ni ya abiria

Kutoka mji hadi mji, kirusi hubebwa na binadamu. Mwaka 2004 chikungunya ililipuka Lamu na Mombasa, ikafuata Comoro, Réunion na India. Vinasaba vilionyesha ukoo mmoja wa kirusi.

Pito inahusikaje?

Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014, na mwaka 2019 wagonjwa nchini walizidi 6,000. Kata ya Pito, Sumbawanga, ipo mbali na pwani, na baridi ya Ufipa hupunguza kasi ya kirusi kukua ndani ya mbu. Lakini basi la kutoka Dar halichagui abiria.

Tatizo ni muda. Kirusi hupatikana kwenye damu kwa urahisi siku tano hivi za mwanzo wa homa. Mgonjwa akipimwa malaria, ikakosekana, akarudishwa nyumbani na panadol bila sampuli kuchukuliwa, ushahidi unapotea. Hakuna atakayejua kama ni mgeni mmoja aliyetoka nao safarini au kama ugonjwa umeshaanza kuzunguka mtaani.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Kama ni mgeni mmoja, anatibiwa na majirani wanafuatiliwa. Kama unazunguka, kazi inaanzia nyumba za karibu: kumwaga maji, kufunika mapipa, kuondoa matairi. Kusafisha uwanja wako huku tairi la jirani limejaa maji hakukukingi.

Ukiwa na homa baada ya safari, mwambie mhudumu ulikotoka, tena mapema. Epuka aspirini na ibuprofen hadi dengue iondolewe kwenye orodha, kwa sababu zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu.