Daftari la Jumuiya si Daftari la Madeni



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo inacho, nacho ni daftari. Ni lile la jalada gumu, lenye majina ya wanajumuiya, alama za mahudhurio na safu ya michango. La Jumuiya yetu nimelishika kwa miaka sita nikiwa mhazini, na leo ninalo jambo la kukiri mbele yenu.

JUMA LETU HAPA KILWA

Kwanza niwaeleze tunavyoishi. Hapa Kilwa Masoko sisi Wakatoliki ni wachache, na wengi wetu ni wageni. Kuna walimu, askari, wauguzi, wafanyabiashara na wavuvi, waliotoka Masasi, Newala, Songea, Ifakara na kwingineko. Shangazi zetu wako mbali, mama zetu wako mbali. Ukipata uchungu usiku, wa kukushika mkono ni jirani au mwanajumuiya.

Jumapili ni Misa, na baada ya matangazo unafuata mnada wa vile vilivyotolewa sadaka: nazi, mihogo, pengine jogoo mmoja ambaye hupigiwa bei mpaka watoto wanacheka. Jumanne ni siku yetu ya WAWATA. Jumatano kwaya wanafanya mazoezi. Alhamisi saa kumi jioni ni Jumuiya, nyumba kwa nyumba. Ijumaa wagonjwa hupelekewa Komunyo, na wakati wa Kwaresima tunafanya Njia ya Msalaba. Jumamosi tunafagia kanisa, tunapanga maua, na watoto wanakwenda mafundisho. Vigango vya mbali padre huvifikia kwa zamu, na Jumapili nyingine katekista ndiye anayeongoza ibada.

Ukiyatazama haya yote utasema parokia ile iko hai. Nami nilisema hivyo hivyo.

Maaskofu wa nchi zetu za Afrika Mashariki, walipokubaliana katika miaka ya 1970 kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, walitaka Wakristo wajuane kwa nyumba na kwa jina. Hapa Kilwa sababu ya jambo hilo tunaiona kwa macho. Mwaka 1505 Wareno waliteka Kilwa Kisiwani wakiwa pamoja na mapadre Wafransisko. Walisimamisha misalaba, wakajenga ngome. Mwaka 1512 waliondoka. Imani iliyoletwa na mizinga haikuota mizizi. Kanisa hukaa mahali kwa watu kupigiana hodi.

ALHAMISI TATU

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Ilikuwa Kwaresima ya mwaka 2023. Katika Jumuiya yetu alikuwapo mama mmoja kijana, mke wa mvuvi, mwenye watoto wawili na mimba ya mtoto wa tatu. Alikuwa mpole, sauti yake nzuri ndiyo iliyokuwa ikituanzishia nyimbo. Mumewe alikuwa amekwenda dago, kuwafuata samaki visiwani, na fedha alizotuma zilikuwa za kubahatisha.

Wakati huo michango ilikuwa mingi. Kulikuwa na mchango wa sikukuu ya somo wa parokia, wa kumtegemeza katekista, wa kitenge cha sare ya akina mama, na ule wa Kwaresima wenyewe. Desturi yetu ilikuwa kwamba mwisho wa sala mhazini anasimama, anafungua daftari, anasoma majina na deni la kila mmoja. Hatukuwa na nia mbaya. Tulidhani kusomwa kunamkumbusha mtu.

Alhamisi ya kwanza nilisoma jina lake. Watu wakasema, "Hayupo." Nikaandika: hayupo, anadaiwa shilingi elfu nane. Alhamisi ya pili, hayupo, anadaiwa elfu kumi. Ya tatu, hayupo, elfu kumi na mbili. Mama mmoja akasema kwa utani, "Deni limemfunga miguu," tukacheka, tukasali Salamu Maria ya kufungia, kila mtu akaenda kwake. Kutoka nyumba tuliyosalia hadi kwake si mwendo wa dakika kumi.

Waislamu nao walikuwa wameanza mfungo wa Ramadhani siku chache tu zilizopita. Usiku mmoja, baada ya tarawehe, nikasikia hodi. Alikuwa bibi mmoja wa makamo, jirani yake yule mama. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nesi, vaa upesi tutoke. Mwenzenu hali yake si nzuri. Nimempelekea futari kama kila siku, nimemkuta anashika kichwa, anasema haoni vizuri."

Njiani akaniambia neno ambalo hadi leo linanichoma: "Mwanangu, nyie watu wa kanisani, mwenzenu hamumwoni?"

Nilimkuta amekaa mkekani. Uso umevimba hata macho yamekuwa madogo, pete imezama kidoleni. Nilipompima presha ilikuwa 170 kwa 110. Kwa mama mjamzito, 140 kwa 90 tayari ni hatari. Bibi yule alikwisha kumwita kijana wa bajaji, akawachukua watoto wawili kwake, akatupa khanga zake mbili. Tukampeleka kituoni, na kutoka hapo gari la wagonjwa likamkimbiza hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje. Alipigwa sindano za magnesiamu salfeti, dawa inayozuia degedege la kifafa cha mimba, na za kushusha presha. Siku ya pili mtoto alizaliwa kwa upasuaji, wa kike, kilo moja na gramu mia tisa. Alilazwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akapata joto na kunyonya. Mungu ni mwema, wote wawili wapo.

ALICHONIAMBIA WODINI

Alipopata nafuu nilikwenda kumtazama. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, kliniki je? Mbona miezi miwili hukuja?"

Akanyamaza sana. Kisha akasema, "Dada, ningekuja kliniki ningekukuta wewe. Na wewe ndiye mwenye daftari."

Akina mama, mimi ni muuguzi kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimefundisha dalili za hatari kwa mamia ya wajawazito. Siku hiyo nilijifunza kwamba nilikuwa nimesimama mlangoni pa kliniki na kumzuia mmoja asiingie, bila kumwambia neno lolote. Aliogopa jina lake kusomwa, akaacha Jumuiya. Alipoacha Jumuiya akaona haya kukutana nami, akaacha kliniki. Elfu kumi na mbili ilikaribia kuwaacha watoto wawili bila mama.

Nchi yetu imepiga hatua kubwa. Utafiti wa taifa wa 2015-16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000; ule wa 2022 ulikadiria 104. Hatua hiyo imetokana na huduma nyingi kuboreshwa. Lakini dawa humsaidia yule aliyefika. Anayejificha nyumbani kwa aibu hana wa kumchoma sindano.

WALE WAJANE WALIOSAHAULIWA

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, tunasoma kwamba hata Kanisa la mwanzo kule Yerusalemu, lililokuwa na Mitume wenyewe, liliwasahau baadhi ya wajane katika mgao wa kila siku. Hawakusahauliwa kwa kukosa sala. Walisahauliwa katikati ya shughuli nyingi. Nao Mitume hawakuwaambia wajane wavumilie, wala hawakuwakasirikia walionung'unika. Waliwaambia waamini wachague watu saba wa kuhakikisha kwamba hasahauliwi mtu.

Nilipeleka jambo hili kwenye Jumuiya, nikaomba radhi kwanza. Hatukuelewana mara moja. Mama mmoja mzee, mwenye busara zake, alisema, "Tukiacha kusoma majina, nani atachanga? Katekista atakula nini? Paa la kigango litaezekwa na malaika?" Swali lake ni la haki. Kanisa letu si la wafadhili tena, tunalitegemeza wenyewe, na aliye na uwezo halafu hatoi, naye anawabebesha wengine mzigo wake.

Baada ya majadiliano tulikubaliana hivi.

Kwanza, michango ina daftari lake. Mhazini anamwona mtu faraghani, na deni la mtu halisomwi mbele ya wengine. Asiye na fedha anaweza kutoa nazi, au kufua vitambaa vya altare, au kusema tu, "Mwezi huu sina," na neno hilo likapokewa.

Pili, daftari la Jumuiya ni la watu. Mbele ya kila jina tunaandika: mjamzito, ana mgonjwa, mume yuko safarini, amefiwa. Tumekubaliana kwamba yaliyomo hayatoki nje, na mwenye siri yake haandikwi bila ridhaa yake.

Tatu, asiyeonekana Alhamisi, wawili wanampigia hodi kabla ya Jumapili. Hawaendi kuuliza mbona hukuja. Wanakwenda kuuliza habari za nyumbani.

Nne, tuna kimfuko kidogo cha uzazi, kwa ajili ya nauli ya usiku na vifaa vya kujifungulia.

Sitawaficha, miezi miwili ya kwanza michango ilipungua. Baadaye ilirudi, na waliokuwa wamejitenga walianza kurudi pia, mmoja baada ya mwingine. Mama yule mzee sasa ndiye wa kwanza kupiga hodi.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita pwani yetu, mvua ilibomoa barabara ya Dar es Salaam na Lindi kule Somanga na kwingineko, magari yakakwama kwa siku kadhaa. Bidhaa zikaadimika. Tulifungua daftari lile, na kabla jua halijazama tulijua wajawazito wetu ni wangapi, nani karibu siku zake, na nani hana unga. Tulizigawa zamu hapo hapo.

DALILI ZA KUTOSUBIRI ASUBUHI

Kama ilivyo ada ya ukurasa huu, nawaachia jambo la kubandika ukutani. Mama mjamzito, au aliyejifungua karibuni, akiwa na mojawapo ya haya, apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo:

– kichwa kuuma sana, au kuona maluweluwe au ukungu;
– uso na mikono kuvimba;
– maumivu makali chini ya kifua, upande wa juu wa tumbo;
– kutokwa na damu ukeni;
– homa kali, au kupumua kwa shida;
– mtoto kupunguza au kuacha kucheza tumboni;
– chupa kuvunjika kabla ya siku zake;
– degedege au kupoteza fahamu.

Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, kwa hiyo usimwache mzazi peke yake siku zile za mwanzo. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio ya kliniki yasiyopungua manane katika mimba moja. Anza mapema, kabla ya majuma kumi na mawili kutimia. Presha ya mimba mara nyingi haina maumivu mwanzoni, inaonekana kwa kipimo tu.

Mtoto yule alibatizwa mwaka huo huo. Bibi jirani alikuja, akakaa kwenye benchi nje, chini ya mwembe, amejifunga khanga mpya. Misa ilipokwisha mama alimpelekea mtoto, akampakata, akasema, "Huyu ni mjukuu wangu, msimchoshe na nyimbo zenu." Tukacheka wote. Mchana tulikula wali wa nazi na samaki aliowapika yeye.

Mwenzangu, Alhamisi hii, au siku yoyote mnayokutana, tazama mkekani. Nani hayupo? Usimwulizie hapo. Mfunge mwanao mgongoni, nenda ukapige hodi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika Jumuiya yetu, kuna aliyeacha kuja kwa sababu ya mchango au sare? Nani amekwenda kumwona?
2. Je, tunawajua wajawazito wetu, na tunajua usiku nani atawatafutia usafiri?
3. Majirani zetu wasio wa dini yetu wametutendea mema gani, nasi tumewatendea nini?

Hadi mwezi ujao, Mama Maria atuombee.